Pembe za Mbuzi wa Bibi

Bibi yangu alikuwa na mbuzi wa maziwa kule Arumeru, chini ya mlima, ambako migomba na kahawa huota shamba moja. Alikuwa wa rangi ya kahawia. Usoni alikuwa na michirizi miwili myeupe iliyoshuka kutoka juu ya macho mpaka karibu na mdomo, na miguu yake ilikuwa myeupe kuanzia magotini, utadhani amevaa soksi za shule. Siku alipoletwa, majirani walikuja kumtazama kama watu wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Alijengewa banda la miti lililoinuliwa juu ya ardhi, akakatiwa majani kila asubuhi, na kazi ya kumpelekea maji ilikuwa yangu. Utosini hakuwa na pembe. Alikuwa na vinundu viwili vigumu, na nilipenda kuviegemeza kiganja wakati anakunywa. Nilipomuuliza bibi pembe ziko wapi, aliniambia, "Ndivyo walivyo wa huko alikotoka." Aina yake tuliitamka "Togenbagi". Nilidhani ni neno la Kimeru cha zamani, la wazee.

Miaka mingi baadaye nilikuwa ndani ya treni iliyotoka St. Gallen, mashariki mwa Uswisi. Treni ikasimama Wattwil, na kwenye bango la stesheni, chini ya picha ya vilima vya kijani, nikasoma: Toggenburg. Nililisoma mara ya pili kwa sauti, na mzee aliyeketi mbele yangu akainua uso kutoka kwenye gazeti. Kumbe ni bonde. Lina mto uitwao Thur, ndiko alikozaliwa Zwingli, mwanamageuzi wa kanisa, mwaka 1484, na ndiko kwenye asili ya mbuzi wa bibi. Nilimpigia mama simu palepale. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Uswisi ilifika kwetu kabla wewe hujafika kwao."

Naishi Bern, nahudumia wazee katika makao ya wazee. Maswali ninayopokea kutoka nyumbani hayajabadilika tangu mwaka wa kwanza. Mpwa wangu anaandika, "Shangazi, ni kweli kila mtu huko ana saa ya dhahabu?" Mama mkubwa anauliza chokoleti. Shemeji yangu, mtu wa siasa, yeye huuliza benki tu.

Namwelewa shemeji. Kwa watu wa kizazi chetu, Uswisi iliingia masikioni kama jina la sanduku lililofungwa. Novemba 2012 mbunge Zitto Kabwe alipeleka bungeni Dodoma hoja binafsi kuhusu fedha zilizofichwa Uswisi, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilizungumza habari hiyo, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa. Kwa ndugu zetu wa Kongo jeraha ni kubwa zaidi. Mobutu alikuwa na jumba lake Savigny, juu ya Lausanne, na alipoanguka mwaka 1997 Waswisi walizuia mali zake. Miaka 12 ikapita katika mabishano ya kisheria, na mwaka 2009 faranga kama milioni 7.7 zilizokuwa zimebaki zikafunguliwa, zikaenda kwa warithi wake. Kwa watu wa Kinshasa na Lubumbashi, hakuna. Sheria ya siri za benki ilipitishwa mwaka 1934 na kwa miongo mingi ilimfanya karani wa benki anayefichua jina la mteja awe mhalifu. Sasa imelegezwa sana: kuanzia 2018 Uswisi hubadilishana taarifa za akaunti za wageni na nchi nyingi. Lakini sifa ikishatoka haishikiki, na kwa jambo hili sioni sababu ya kuwatetea. Waliivuna, nasi tulilipa.

Hata hivyo benki ni picha tuliyochora sisi tulio nje. Mimi zilinivuta zile walizojichorea wao wenyewe.

Somo la kwanza nililipata kutoka kwa bibi mmoja pale kazini, aliyekuwa amevuka miaka 80. Kwa mdomo nilimwita Frau, yaani Bi, na jina la ukoo wake, maana huko mtu mzima haitwi vinginevyo mpaka yeye mwenyewe akuruhusu, lakini moyoni nilimwita bibi. Siku moja alitoa sarafu ya faranga 5 kwenye pochi, akaniuliza aliyechorwa pale ni nani. Ni kichwa cha mwanamume mwenye vazi lenye kofia iliyolala mabegani, anatazama kando. Nikajibu kwa uhakika: Wilhelm Tell. Akapiga paja lake. "Kila mtu husema hivyo. Hata Waswisi. Huyo ni mchungaji tu wa mifugo milimani, hana jina." Kisha akatoa senti 10 yao, ya rapeni, akanionyesha kuwa sura yake haijabadilika tangu mwaka 1879. Anaweza kuokota sarafu aliyoitumia babu wa babu yake na akanunulia kitu dukani leo.

Kwenye sarafu hizo hakuna Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano wala Kiromanshi, lugha nne za nchi hiyo. Kuna Kilatini: Confoederatio Helvetica. Ndiyo maana magari yao yana herufi CH, na tovuti zao huishia hivyo hivyo. Walichagua lugha ambayo si ya mtu, ili asiwepo wa kusema lugha yake imeachwa. Sisi tuliotoka katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, tukashikwa mkono na Kiswahili, tunaelewa jambo hilo upesi. Tofauti ni kwamba sisi lugha yetu ya wote tunaiongea jikoni na sokoni. Wao ya wote iko kwenye sarafu. Madukani kila upande na lugha yake, na mpaka kati ya wanaoongea Kijerumani na wanaoongea Kifaransa wameupa jina la chakula, handaki la rösti, yaani viazi vya kukwaruza na kukaanga.

Na huyo Tell? Aliyepiga kwa mshale tufaha lililowekwa juu ya kichwa cha mwanawe, kwa sababu alikataa kuinamia kofia ya gavana? Hakuna hati ya wakati wake inayomtaja. Kisa kinasemekana kutokea mwaka 1307, lakini maandishi ya kwanza yanayokisimulia, Kitabu Cheupe cha Sarnen, ni ya mwaka 1470 hivi. Aliyekifanya kijulikane duniani kote ni Friedrich Schiller kwa tamthilia yake ya mwaka 1804, na Schiller alikuwa Mjerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Uswisi. Sanamu kubwa ya Tell iliyoko Altdorf ni ya mwaka 1895. Hata sikukuu ya taifa, tarehe 1 Agosti, ambayo inaadhimisha kiapo cha majimbo ya Uri, Schwyz na Unterwalden cha mwaka 1291, ilisherehekewa kwa mara ya kwanza mwaka 1891, na haikuwa siku ya mapumziko kwa nchi nzima mpaka 1994.

Niligundua haya kidogo kidogo, na nakiri kuwa mwanzoni yalinivunja moyo. Nilitaka kitu cha kale kisichoguswa. Lakini nilipoisoma karne ya 19 nikaona sababu. Novemba 1847 Waswisi walipigana wao kwa wao, majimbo ya Kikatoliki yaliyojitenga dhidi ya mengine. Jeshi la shirikisho liliongozwa na jenerali kutoka Geneva, Guillaume-Henri Dufour, aliyewaamuru askari wake wasimdhuru majeruhi wala mateka. Vita vilikwisha ndani ya mwezi mmoja, na waliokufa walikuwa kama 100. Mwaka uliofuata wakaandika katiba. Watu waliotoka kupigana jana wakaanza kutafuta hadithi ambayo wote wangeweza kukaa ndani yake, na Tell, mwindaji mwenye upinde, asiyejua Luther wala Papa, alifaa.

Dufour huyohuyo ndiye aliyeshikilia kwamba askari wa majimbo yote wabebe bendera moja, msalaba mweupe kwenye wekundu. Na mwaka 1863, akiwa mzee, alikuwa mmoja wa watu watano wa Geneva, pamoja na Henry Dunant, walioanzisha kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Geuza rangi za bendera ya Uswisi, unapata alama ile iliyo kwenye magari ya wagonjwa na mahema ya wakimbizi Kigoma. Mlima mrefu kuliko yote nchini humo, mita 4,634, umepewa jina lake, Dufourspitze. Hakuna anayeuchora. Wote wanachora Matterhorn, mita 4,478, mlima ambao nusu yake ni ya Italia, kwa kuwa una sura nzuri. Mimi ningependa watoto wetu wamjue Dufour kabla ya kumjua Tell.

Bendera ni ya mraba, kama ile ya Vatikani; nyingine zote za nchi huru hazina umbo hilo. Dukani iko kila mahali: kwenye mayai, kwenye visu, kwenye mtindi. Tangu 1 Januari 2017 ipo sheria inayosema nani anaruhusiwa kuitumia. Chakula lazima asilimia 80 ya uzito wa malighafi zake itoke Uswisi, na maziwa yote asilimia 100. Bidhaa za viwandani, asilimia 60 ya gharama. Ndiyo sheria iliyoiondoa picha ya Matterhorn kwenye chokoleti ya Toblerone mwaka 2023, baada ya sehemu ya utengenezaji kuhamishiwa Slovakia. Toblerone ilizaliwa hapa Bern mwaka 1908, na watu wa Bern walilichukulia jambo lile kama msiba mdogo wa familia.

Hapa ndipo mimi hupata uzito kifuani. Chokoleti ya maziwa ilitengenezwa Vevey na Daniel Peter mwaka 1875, na miaka minne baadaye Rodolphe Lindt, Bern, akagundua namna ya kuisugua kwa saa nyingi mpaka iyeyuke ulimini. Hiyo ni kazi ya akili na ya mikono, na wanastahili sifa yake. Lakini kakao haioti Uswisi, hivyo sheria inaisamehe: kisichoweza kulimwa nchini hakihesabiwi. Maziwa yana uraia, mlima una uraia, kakao haina. Kakao yao nyingi hutoka Ghana. Ya kwetu hulimwa Kyela, na nimewahi kupita huko msimu wa kuianika, harufu yake ya uchachu imetanda barabara nzima. Kila ninapomfungia mama mkubwa mzigo wa chokoleti huwa nawakumbuka wale akina mama waliokuwa wakizigeuza mbegu juani. Picha ya ng'ombe iliyo kwenye karatasi ni ya kweli. Haijatimia tu.

Kuhusu saa, mpwa wangu, jibu ni hapana, hawana saa za dhahabu. Wengi wanatazama simu. Lakini kwenye kila stesheni kuna saa ya ukutani, nyeupe, yenye mkono mwekundu wa sekunde unaofanana na kirungu cha mkuu wa stesheni. Saa yenyewe aliichora mhandisi Hans Hilfiker mwaka 1944, na mkono huo mwekundu aliuongeza miaka ya 1950. Mkono ule hauzunguki kwa sekunde 60. Unamaliza mzunguko kwa sekunde 58 na nusu hivi, kisha unasimama pale juu, unasubiri ishara kutoka saa kuu, ndipo dakika inaruka na wote wanaondoka pamoja, nchi nzima. Nimesimama mara nyingi Bern nikiutazama. Watu husema Waswisi wana haraka. Mimi niliona saa inayosubiriana.

Kijerumani nacho kilinichanganya hapo. Wakisema "nusu tisa" wana maana saa mbili na nusu asubuhi yetu, yaani nusu ya kuiendea tisa yao. Wiki ya kwanza kazini nilikuwa nahesabu mara mbili kila miadi: kwanza naitoa nusu, halafu naipindua saa ili ianze na jua. Mpaka leo nikiongea na mama napindua bila kufikiri.

Sasa ng'ombe.

Ukitazama bango lolote la utalii, ng'ombe wa Uswisi ana kengele shingoni na pembe mbili nzuri. Ukitembea vijijini, wengi hawana. Ndama akiwa na wiki chache hupigwa ganzi na machipukizi ya pembe huunguzwa kwa chuma cha moto, kwa sababu siku hizi ng'ombe hufugwa wakitembea huru ndani ya banda moja, na wenye pembe wanaweza kuumizana au kumuumiza mfugaji. Mwenye kuacha pembe anahitaji banda pana zaidi, na upana ni fedha. Mkulima mmoja wa milima ya Jura ya Bern, Armin Capaul, aliona jambo hilo ni kumvunjia mnyama heshima. Hakutaka wenzake wakatazwe kukata. Alitaka tu wanaoziacha wasaidiwe kidogo na serikali. Katiba inasema ukikusanya saini 100,000 ndani ya miezi 18, swali lako litapelekwa kwa wananchi wote. Alizipata, na tarehe 25 Novemba 2018 Uswisi nzima iliulizwa kuhusu pembe.

Wiki chache kabla ya kura, kila nyumba hupokea kwa posta bahasha yenye karatasi za kura na kijitabu chekundu chenye maelezo: hoja za walioleta swali, hoja za serikali, na maneno ya sheria yenyewe. Mimi siyo raia, bahasha hainifikii. Lakini macho ya yule bibi yalikuwa yamepungua, hivyo aliniomba nimsomee. Tulikaa dirishani, nikasoma taratibu, naye akinisahihisha matamshi. Nikafika mahali panapotaja wanyama wanaohusika: ng'ombe, madume ya mbegu, mbuzi na beberu.

Nikasimama hapo. "Mbuzi pia?" nikamuuliza.

"Mbuzi pia. Kwa nini?"

Nikamweleza habari za vile vinundu viwili. Miaka yote nilikuwa naamini mbuzi wetu alizaliwa hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kiganja chake juu ya kijitabu, akasema, "Basi wewe una haki ya kujua kuhusu kura hii kuliko mimi." Hakuniambia alichagua nini, wala sikumuuliza. Kura yake aliijaza peke yake, kwa lensi, nusu saa nzima.

Wazo la Capaul lilishindwa kwa asilimia 54.7. Jioni ile, wazee waliopiga ndiyo na waliopiga hapana walikula supu meza moja, wakibishana kwa utulivu kama walivyobishana wiki nzima. Sikuona mshindi akijitapa. Karibu nusu ya wapiga kura walikuwa tayari kodi yao iende kwenye pembe.

Lakini meza ile haikuwa wazi kwa wote tangu zamani, na bibi huyo ndiye aliyenifanya nisiisahau. Mwaka 1959 wanaume wa Uswisi waliulizwa kama wanawake wapige kura za taifa, wakakataa kwa theluthi mbili. Yeye alikuwa kijana. Alisubiri mpaka tarehe 7 Februari 1971. Nilimsimulia habari za Bibi Titi Mohamed, alivyowakusanya wanawake wa Dar es Salaam ndani ya TANU miaka ya 1950, na kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961 wanawake wetu tayari walikuwa na kura. Akaniomba nimwandikie jina hilo kwenye karatasi. Nililikuta miezi kadhaa baadaye, limekunjwa ndani ya pochi yenye zile sarafu.

Alikuwa na binamu Appenzell Innerrhoden, jimbo dogo ambako watu bado hukutana uwanjani mara moja kwa mwaka na kupiga kura kwa kuinua mikono. Mwanamume huko huweza kuja na upanga wa ukoo kiunoni badala ya kadi ya kupigia kura. Watalii hupenda sana kuwapiga picha. Wanaume hao hao wenye panga waliwakatalia wanawake tena mwaka 1990, na ilibidi mahakama kuu ya shirikisho iamue mwezi Novemba mwaka huohuo. Binamu yake alisimama kwenye uwanja ule kwa mara ya kwanza Aprili 1991, akiwa na wajukuu. Nikiona picha ya panga zile sasa, huwa natafuta kwanza mwanamke mwenye kadi.

Bibi yule ameshafariki. Familia yake iliniachia ile faranga 5 ya mchungaji asiye na jina.

Mwaka jana mwezi Juni nilirudi Toggenburg, siku ya kupandisha mifugo malishoni. Mbuzi hutangulia, wakiongozwa na watoto waliovaa nguo za kiasili, nyuma yao wanaume wenye vizibao vyekundu wakiimba wimbo usio na maneno, kisha ng'ombe watatu wenye kengele kubwa kama ndoo, kisha kundi lote. Mbuzi wa mbele walikuwa weupe, si wa aina ya kwetu. Nilimuuliza mkulima mmoja kama bado wapo wale wa kahawia wenye michirizi. Alinipeleka nyuma ya ghala lake. Alikuwa na sita. Wawili walikuwa na pembe, zimeinuka kutoka utosini na kupinda kwenda nyuma, zina mistari kama gamba la kobe.

Mmoja alinisogelea, akanusa mfuko wangu. Niliweka kiganja pale nilipozoea kukiweka, kati ya pembe, pakawa na joto.

Nikampigia mama kwa video. Alimtazama mbuzi muda mrefu bila kusema kitu, nikadhani mtandao umekatika.

"Geuza simu, mwanangu," akasema. "Nizione kwa upande."